Karata za Ngozi

Umeme ukikatika Kongwa, tunacheza ngozi.
Karata arobaini na nne, tumezikata
kwenye maboksi ya glavu yaliyotupwa nyuma ya wodi:
upande mmoja mkono mweupe usio na mwenyewe,
upande wa pili mwandiko wa Hawa Ijengo, umelalia kushoto.
Tezi ya jasho. Tabaka angavu.
Msuli mdogo unaosimamisha kinyweleo baridi ikija.

Sheria ni chache. Chota moja, isome kimya,
eleza kazi yake bila kuitaja jina,
wenzako wabashiri. Ukikwama
unachovywa: pamba, kijiti, dawa ya zambarau,
nukta moja katikati ya paji la uso.
Mshika chupa ni Ndahani. Hana huruma huyo.

Tabaka angavu lilinitesa wiki nzima.
Linakaa wapi? Mwilini. Wapi mwilini?
Kote, nikasema, na pamba ikanifuata.
Viganjani na nyayoni tu, ndugu yangu,
pale ngozi inapofanya kazi ya kiatu.
Nikaona magaga ya mama msimu wa kupura,
punje za uwele zimenasa humo,
anazitoa kwa mwiba, anazirudisha kwenye ungo.

Hawa alipochota tezi ya jasho alisema:
Anafanya kazi kutwa na hapa kwetu hasifiwi,
upepo unamlamba kabla hajawa tone,
kinachobaki ni chumvi kwenye ukosi.
Tukajua papo hapo. Nani Dodoma asiyejua.

Halafu Ndahani akachota melanini.
Aliisogeza hadi karibu iguse pua,
tochi ya simu ikimtetemesha kope za dhahabu.
Chumba kikanyamaza, ule unyamavu wa adabu
anaouchukia kuliko jua la saa saba.
"Huyu," akasema, "ni mgeni aliyeahidi kuja kwetu.
Mama akapika. Hakutokea.
Mpaka leo nanunua kofia."
Tulicheka hadi matroni akagonga dirisha.
"Basi semeni kazi yake. Kofia ni kazi yangu mimi."
Tukatazamana.
"Anafunika kiini cha seli kama mwavuli," akasema,
"mnao kila siku na hamjui,"
akatuchovya wote wanne.

Jumamosi nikashuka Hogoro na nukta yangu.
Bibi alikuwa anabangua karanga.
"Mbukwa," akasema, mikono ikasimama.
Yeye analo lake, pale pale, duara la utotoni,
lilichomwa kabla hajaota meno ya pili.
Akalowesha gumba kwa mate, akanisugua.
"Hii ya nani?"
Ya kushindwa, bibi. Mchezo wa shule.
"Itatoka?"
Itatoka. Nikamweleza jinsi seli zinavyozaliwa chini,
zinavyopanda zikisukumana kama ng'ombe mnadani,
zinavyofika juu zimekwisha kufa, zikapukutika,
mwezi mmoja tu, bibi, unavaa ngozi nyingine.
Sikukwama hata mara moja,
na hapakuwa na mtu wa kunihesabia pointi.

Aliniacha nimalize.
Kisha akakishika kidole changu, akakiweka juu ya duara.
"Na hii mbona imegoma kuhama? Miaka sabini."

Jibu nilikuwa nalo. Demisi, karata ya kumi na tisa:
moto ukifika huko, nyuzi hurudi zimesukwa vingine.
Lakini kidole kilikuwa kinasoma mahali laini
kuliko ngozi ya jirani yake,
hapana tundu la jasho, hapana kinyweleo,
na bibi amefumba macho, anasubiri,
na mimi nisipoitaja jina
sijui nianzie wapi.

Tulibangua karanga hadi giza.

Jumatatu tukaongeza karata ya arobaini na tano.
Boksi la glavu lilikwisha, tukakata la sindano.
Hawa akaandika: kovu.
Ndahani akaichota, akaileta puani,
akakaa nayo muda mrefu kuliko kawaida yake,
kisha akaifunga chupa.