Kopo la Tatu

Mwalimu Zaira alitaka swali kwanza.
Gundi baadaye, rangi baadaye.
Nikaandika kwenye daftari la miraba:
Je, haragwe linahitaji mwanga kiasi gani?
Na chini yake, kwa wino wa buluu, nadharia tete:
lililonyimwa mwanga halitapata rangi ya kijani.

Makopo matatu ya mtindi, nimeyatoboa kwa msumari.
La kwanza dirishani, likitazama mnara wa mgodi uliofungwa.
La pili koridoni, nusu kivuli.
La tatu kabatini, nyuma ya sufuria,
na karatasi mlangoni:
USIFUNGUE. SAYANSI.

Maji vijiko vitatu kila siku.
La kabatini nililinywesha usiku, taa zimezimwa,
kidole kikipapasa udongo
kama anayetafuta kitufe kilichodondoka.

Siku ya tisa nikawasha tochi nipige picha.
Kijani.
Si kijani cha dirishani, lakini kijani,
majani mawili yamekunjuka kama viganja vya mtoto.
Sikulala. Nilijiona Tbilisi, jukwaani,
wazee wenye miwani wakinisogezea kipaza sauti.

Alfajiri nikakukuta, Bibi Nateli,
umeketi jikoni, kopo langu pajani,
pazia limevutwa, kahawa inafuka moshi,
nawe unalisimulia bei ya siagi.

Nilipiga kelele. Ulingoja nimalize.
Kisha ukasema, "Babu yako alishuka shimoni kabla ya jua
na akapanda baada ya jua.
Miezi ya theluji aliliona Jumapili tu.
Ndani ya nyumba hii
sifungii kitu kilicho hai gizani."

Nuru ndiyo maana ya jina lako kwa lugha yetu.
Asubuhi ile halikunichekesha.

Zilibaki siku mbili. Haragwe halina haraka ya mtu.
Binamu yangu Gocha akashauri: "Andika njano.
Nani atakuja kukagua kabati lenu?"
Nikashika kalamu. Nikaandika nj,
nikafuta mpaka karatasi ikatoboka.

Nikarudi jikoni na daftari.
"Kila siku ulikaa nalo muda gani?"
"Kahawa moja na nusu."
Basi nikakupima, Bibi, ukinywa,
mara tano, kwa saa ya simu,
nawe umenyooka kama unayepigwa picha ya pasipoti.
Wastani: dakika thelathini na nne.

Ukumbi wa michezo ulinuka siki na viatu vya mpira.
Jirani yangu alikuwa na volkano; ilitapika kila robo saa,
na kila ilipotapika watu walinigeuzia mgongo.
Ubao wangu ulikuwa boksi la jokofu,
grafu imepinda upande nilioukata usiku.

Akaja Injinia Vazha, zamani wa mgodini,
kalamu sikioni. Akasoma jedwali akarudi juu.
"Kahawa? Hiki ni kipimo gani?"
Nikamweleza. Nikamweleza yote,
pazia, paja, bei ya siagi.
Hakucheka. Aliinama akalitazama kopo la tatu
muda mrefu kuliko alivyoyatazama mengine.
"Na hitimisho?"

Nilikuwa nimelikariri siku nne. Likanitoroka.
Nikasema, "Haragwe linaridhika na mwanga kidogo
kuliko nilivyodhani.
Na... jaribio la nyumbani lina watu ndani yake."
Akaandika kitu, polepole, akaenda kwenye volkano.

Chujio la maji la akina Lasha likawa la kwanza.
Volkano, ya pili. Sisemi neno.
Mimi nilipewa karatasi yenye mstari mmoja:
Kosa limeandikwa vizuri. Rudia, kwa kufuli.

Ulikuwa mlangoni, mikono ina unga.
"Wamekupa nini?"
"Wamesema nirudie. Kabati liwe na kufuli."
Ukalipokea kopo la tatu kutoka mkononi mwangu,
ukaliweka dirishani katikati ya wenzake.

"Rudia," ukasema. "Lakini tafuta nyumba nyingine."