Wali wa Jana

Nimetoka lindo saa kumi na mbili asubuhi,
buti zimenibana, kofia kwapani,
mlima Wanale bado umejifunika mawingu,
na mlangoni wananingoja wawili,
Nelima na Mutenyo,
matumbo yao yameamka kabla yao.
Mama yao yuko wodini tangu jana jioni.
Ameacha sufuria mezani, sahani juu yake,
na juu ya sahani jiwe, kwa ajili ya paka.

Nafunua.
Wali wa Doho, mchele wa bondeni,
umelala ukashikana bega kwa bega,
baridi, mkavu, haumtii afande.

Haya, kuna nini kingine? Nakipindua kikapu:
kitunguu nusu, upande mmoja umenyauka;
karoti iliyopinda;
nyanya mbili, moja imeshaanza kulia;
konzi ya dodo iliyochumwa nyuma ya laini ya tatu;
yai.
Moja tu, kwa midomo mitatu,
na wa nne aliye hospitali,
na wa tano sijui kama ameshafika.

Chuoni walinifunza kufungua bunduki
na kuifunga tena nimefumba macho.
Kitunguu kimenitoa machozi hata sijakimenya.

Nawasha sigiri. Namimina mafuta.
Nanyanyua kopo la maji,
na ukuta wa bati unapiga kelele:
"Afande! Usitie maji! Unapika uji?"
Ni Mama Ezaru, jirani yetu wa Arua,
ambaye masikio yake yanaona.
"Wali uliolala hautaki maji, unataka mkono.
Uvunje kwa vidole kwanza. Polepole,
kama unaamsha mtoto wa mwenzio."

Nikauvunja.
Punje zikaachana, zikakumbuka kuwa punje.
Mafuta yakasema shaaa,
karoti ikaingia, nyanya ikajimwaga, dodo likasinyaa,
na yai nikalikoroga hadi lisionekane,
ili kila kijiko kidhani kimelipata lote.

Waligombea ukoko.
Mutenyo akauliza mbona mama hapiki hivi.
Nikamwambia neno hilo alimeze pamoja na wali.

Fungu la nne nikalifunga kwenye jani la mgomba,
nikapanda nalo hadi hospitali, likinichoma kifuani.

Khainza ameketi, uso umevimba kwa kukesha,
ubavuni kifurushi kidogo kimelala.
Akala kimya. Kijiko cha kwanza, cha pili,
cha tatu, kah!
Akatoa changarawe ulimini,
akaiinua kwa vidole viwili, ushahidi wa mahakamani.
"Yaani hata kuchambua mchele, baba Nelima, kumekushinda?"

"Mchele," nikasema, "uliuchambua wewe.
Jana."

Akacheka hadi nesi akageuka,
akashika tumbo, likamuuma, akacheka tena,
na kile kifurushi kikafumbua jicho moja
kuangalia ni watu gani hawa.