Mkate wa Jirani

Mwaka huu hatukuwasha jiko la Alhamisi Kuu.
Ndivyo ilivyo huku kwetu Kerala, kando ya mto Meenachil:
nyumba iliyozika haipiki mkate wa Pasaka.
Hungoja kuletewa.

Mama hajui kungoja.
Tangu alfajiri amefagia uwanja mara tatu,
ameosha masufuria yaliyo safi,
amefunua pipa la mchele, akalifunika,
na mbuzi ya kukunia nazi ameisogeza ukutani
kama mgeni aliyekosa shughuli.

Miaka arobaini na mmoja
aliusaga mchele na choroko zake usiku wa Jumatano,
bila chachu, kwani watu wale, alitwambia,
walitoka Misri mbiombio,
na mwenye safari hangoji unga uumuke.
Haraka hiyo peke yake, alisema, ndiyo yenye baraka.
Kisha baba, mgema wa mpira,
vidole vyeusi kwa utomvu usiokubali sabuni,
alikunja msalaba kwa kuti la Jumapili ya Matawi,
akaulaza juu ya unga,
mvuke ukapanda, sisi tukanyamaza.

Giza lilipoingia, wakaanza kuja.
Aleyamma wa ng'ambo ya daraja, na wake kwenye jani la mgomba.
Mjane Rosakutty, na tui la sukari guru
ndani ya birika la chai,
maana hana chombo kingine chenye kifuniko.
Na Varkey, aliyetushitaki kwa ajili ya mfereji,
akauweka wake kizingitini, mkubwa kuliko yote,
akakohoa,
akaenda zake kabla hatujasema karibu.

Mama aliionja kwa macho.
Huu umezidi maji. Huu nazi yake ya juzi.
Halafu akaacha.
Mikate mitatu, taa moja,
wanawake watatu, tukimhesabu Jinu wa miaka sita.
Dada Lissy kwenye simu, zamu ya usiku, hospitali ya mbali,
akaomba tumwekee kipande.
Kila mwaka anaomba.
Kila mwaka nakila mimi.

Nilisoma habari za usiku ule wa kutoka,
nikafika mwisho, nikafunga kitabu,
na ndipo tukagundua kwamba hatukuwa tumewaza
nani atamega.

Baba alimega. Mkubwa kwanza, mdogo mwisho,
kila mmoja kwa mikono miwili.
Mama akauchukua ule wa Varkey,
akaondoa msalaba wa kuti, akaubusu,
akamega upande upande, kama mtu anayepasua kuni kwa mara ya kwanza.
Akanipa mimi. Akampa Jinu.
Akabaki na sahani mkononi.

"Na wewe, Bibi, unapewa na nani?"

Hatukujibu.
Jinu, wa mwisho siku zote,
akachovya kipande kwenye tui, akakizamisha mno,
likachuruzika mpaka kwenye kitambaa cheupe,
akakinyoosha.
Na mama, mwenye magoti mabovu,
akapiga magoti,
akakinga mikono miwili
vilevile, kabisa vilevile,
kama alivyomkingia baba.

Leo ni Ijumaa Kuu, tumefunga.
Sahani ya Varkey iko juu ya kabati, imeoshwa, imekauka.
Chombo cha mtu hakirudi kitupu.
Mama anaishusha, anaigeuza, anairudisha.
Bado hajasema tutatia nini.