Kimo cha Kigoda

Korona yetu imechoka, haina tena la kujitetea.
Mlango wa abiria hufunguka kwa nje tu,
basi kila tufikapo nashuka, nazunguka,
namfungulia mama kama dereva wa waziri,
naye husema, "Leo nami ni mheshimiwa."
Miaka kumi na minne ya mzaha huo mmoja.

Lakini Aprili, kwenye mwinuko wa Tegeres,
lami ilipotuacha na tope likatupokea,
mheshimiwa alibaki ndani akisali kwa sauti,
nami na vijana sita wa kuchuma kahawa
tulisukuma mpaka nikala udongo.
Mmoja akasema, "Mwalimu, hili gari lizikwe."

"Nunua pikapu," akasema shemeji Mangusho.
"Nunua lile refu la magurudumu ya trekta,"
akasema jirani, ambaye ana baiskeli.
Mama akasikiliza, akakanda nyonga yake,
ile aliyoivunja kando ya mashine ya kahawa,
hakusema kitu. Kupanda gari refu
ni kuinuliwa na wanaume mbele za watu.

Usiku nilichukua futi ya fundi cherehani,
nikapima kigoda chake cha jikoni,
kile anachokalia na kuinuka bila mkono wa mtu:
inchi kumi na tisa.
Nikaiandika namba hiyo kiganjani,
asubuhi nikateremka nayo Mbale.

Wauzaji wakiniuliza nina pesa ngapi,
mimi nawauliza kiti kina kimo gani.
Gari dogo, nawaambia, la kukaa chini,
ila miguu yote minne ivute.
Wakatazamana.

Legasi ya kwanza ilikuwa nyeusi, imepakwa mafuta
iking'aa kama bwana harusi.
Nyuma, kwa herufi za fedha, imejisifu:
inavuta kwa manne.
Nambozo, fundi wangu, hasomi herufi.
Alitandika gunia, akaingia chini kwa mgongo,
zikabaki ndara zake tu nje,
kisha sauti: "Mwalimu, huku hamna shafti.
Waliing'oa waokoe petroli.
Yanavuta mawili. Manne ni jina."

Nilicheka mpaka muuzaji akanuna.
Maana kwetu tumezaliwa wanne.
Kwemoi yuko Kampala, atatuma Ijumaa;
hajasema Ijumaa ya mwaka gani.
Cherop yuko Dubai, hutuma picha.
Yeko huleta kuni, na viazi, na mikono yake,
nami huleta mshahara ukifika.
Jina la baba limeandikwa nyuma yetu sote
kwa herufi zinazong'aa,
na mlima huu tunaupanda wawili.

Siku ya tatu, nyuma ya godauni la simiti,
Premio ya kijivu, bega limebonyea,
redio inazungumza Kijapani na haitaki kujifunza.
Nambozo akaingia chini, akakaa sana.
Akatoka na grisi hadi kwenye kope:
"Ipo. Nimeishika kwa mkono huu."
Nikapima kiti. Kumi na tisa na nusu.
Ile nusu nikamwachia Mungu.

Milioni ishirini na sita:
mkopo wa sako, kahawa ya misimu miwili,
na Korona, iliyochukuliwa na muuza kuku wa Sironko
bila hata kuijaribu breki.
Nilisahau ndani yake mwavuli. Sikuurudia.

Jana ilinyesha tangu alfajiri.
Tegeres palepale, tope lilelile,
vijana walewale wamesimama ukingoni
wakikunja suruali, wakihesabu chao.
Nilikanyaga taratibu.
Nikahisi nyuma kunasukuma,
kama mtu aliyekawia miaka, na leo amefika kazini.
Tukapita. Mmoja alipunga mkono kwa huzuni.

Nyumbani nilizima injini, nikashuka na mifuko.
Mama hakutoka.
"Mama," nikamwita, "huu mlango unafunguka kwa ndani."
Alikuwa ametazama mbele, kitambaa kimenyooka.
"Najua," akasema. "Zunguka."