Keshari Hajaamua

Mara ya nne sasa Keshari Tuladhar
anaingia duka la magari pale Kupondole,
analizunguka lile jekundu
kama anayechagua mbuzi wa Dashain:
anapapasa ubavu, anapiga tairi teke,
anainama kuchungulia uvunguni
pasipo na bomba la moshi.

"Nagarkot litapanda?"
Kijana wa duka, Sujan, anacheka.
"Litapanda, mama. Na likishuka, linajichaji lenyewe."
Keshari hajawahi kusikia mteremko unaolipa deni.

Lakini bei.
Bei ina sifuri nyingi kama mayai ya chura.
Na betri ikifa mwaka wa tisa,
nani atalinunua, nani atalizika?
Uchochoro wa kwao ni wa matofali, mwembamba,
mtu na mwavuli wake hupita kwa zamu.
Achajie wapi? Dirishani kwa shemeji,
waya uning'inie orofa tatu pamoja na nguo zilizoanikwa?

Mumewe, Asta Man, ana daftari:
ushuru, riba, kilomita kwa yuniti.
Amejumlisha mara mbili, kapata majibu mawili.
Binti anazungumzia hewa, na theluji inayokonda milimani.
Jirani hasemi kitu. Jirani amenunua jeupe,
na kila alfajiri linatoka kimya,
kimya cha kuringa.

Hakuna aliyemuuliza Keshari anakumbuka nini.

Mwaka ule mpaka ulipofungwa
alilala foleni ya petroli siku tatu,
ndani ya gari kuukuu la marehemu baba mkwe,
na blanketi, na chupa ya chai iliyopoa.
Zamu yake ilipofika, pampu ikakohoa,
ikakohoa tena, ikanyamaza.
Usiku huo walipasua kitanda wakapikia wali.

Mto Trishuli, huko juu,
uliendelea kushuka.
Haukuonyesha mtu kibali.

"Nikuandikie, mama?" Sujan ameshika kalamu.
Keshari anaketi, anabonyeza kitufe.
Hakuna mngurumo. Anasubiri,
mikono juu ya usukani,
kama aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu.
"Limeshawaka," anasema Sujan.
"Najua," anadanganya Keshari.

Anashuka. Karatasi ya bei
anaikunja mara nne, anaichomeka kiunoni.
Bado, anasema. Bado kidogo.
Mlangoni anageuka:
"Hebu niambie, mwanangu,
huo waya wake una urefu gani?"