Taji Juu ya Herufi

Bosibori ameleta mtutu ndani ya gunia la mahindi,
kutoka Nyanchwa, huko Kisii, hadi meza yangu Kisumu.
Polisi walishaukagua, wakaandika: chuma chakavu.
Nasugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu,
polepole. Kutu haitaki papara.

Chini, pale mti wa bunduki ulipoukinga na mvua,
linachomoza taji, dogo kama punje ya wimbi,
na chini yake B: ulishindiliwa baruti kupita kiasi, haukupasuka.
Taji na U: jicho la mkaguzi liliridhika.
Taji na G: ndani mna mifuo.
Ni wa Kijerumani, namwambia, labda wa Suhl,
baada ya sheria yao ya mwaka tisini na moja.

"Kumbe waliujaribu kwanza."
Ndiyo.
"Na babu, aliyebebeshwa masanduku ya risasi
mwaka ule wa kumi na nne,
nani alimjaribu kabla ya kumtwika?"

Kitabu changu cha alama hakina ukurasa huo.

Nasogeza lenzi. Karibu na mdomo
pana mfuo mpana, laini, usio na taji,
unang'aa. Nakisia: bayoneti? Mnyororo?
Bosibori anacheka hadi leso inamdondoka.
"Hapo ni mlango wa zizi! Mama aliufanya komeo
miaka arobaini. Ng'ombe hakutoka, chui hakuingia."

Kwenye kadi naandika kwa penseli: B, U, G.
Nasita.
Kisha, chini kabisa: komeo. Umejaribiwa.