Twende Kilioni

Usiku wa kuamkia shauri nilimsuka mwenyewe,
twende kilioni, mistari sita,
mtindo pekee ninaoujua.
"Baba, kilioni ni wapi?"
Nikamwambia, "Temeke.
Kesho saa mbili. Tulia, usigeuke."

Alinifundisha Mama Penina wa saluni ya Kimanga,
kwanza kwa kichwa cha mwanasesere,
akicheka hadi chanuo likamdondoka:
"Fundi friji, unasuka kama unafunga nyaya!"
Ni kweli. Vidole hivi vimezoea gesi na kompresa.
Mwezi ule Siwema alipoondoka
nilimpeleka Zaituni shule na vibutu viwili,
kimoja kinatazama Ubungo, kingine Ukonga,
na mwalimu akaandika kwenye daftari:
Mzazi, tafadhali, nywele.

Mtaani nilisema amenikimbia.
Sikusema kwamba miaka mitano
nilikuwa narudi kula na kulala,
kwamba aliponiambia "nachoka, Mshamu"
nilimuuliza chumvi iko wapi.

Kizimbani wakili wake aliuliza namba ya kiatu cha mtoto.
Ishirini na tisa.
Dawa inayomdhuru? Septrini.
Anaogopa nini?
"Blenda," nikasema. "Tangu Ramadhani ya mwaka jana.
Juisi naikamulia nje, kibarazani."
Nikamwona Siwema anainua uso.
Enzi zake mtoto alikuwa anaicheza blenda kama ngoma.
Hilo hakulijua,
na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hakulijua.

Wakili akasimama tena. Hakuwa na haraka.
Mtoto ana miaka mingapi?
Sita.
Na miezi?
Minane.
Akaketi. Sheria ina umri wake,
na mimi nimepungukiwa miezi minne.

Tulisubiri faili kwenye benchi la korido,
Zaituni katikati, kama mpaka wa shamba lenye mgogoro.
Mkono wa Siwema ukaenda kisogoni kwa mtoto,
ukautafuta mstari wa tano, ule niliopinda,
ukaufumua.
Akabana chanuo kwa meno, kama zamani,
akasuka upya bila kutazama,
na mtoto akafumba macho,
shingo ikalegea, mdomo ukabaki wazi.
Kwangu huwa anakaza mabega.

Wakili wangu alininong'oneza:
"Umeona? Anajifanya mama mbele za watu.
Tutalisema."
Nikamwambia, "Usiliseme."

Hukumu ilisomwa kwa Kiswahili, haraka,
feni ikipeperusha karatasi.
Mama akae naye.
Baba, Jumamosi mbili kwa mwezi na nusu ya likizo.
Nikasaini palipowekwa alama ya penseli.
Nikafungasha sare, viatu namba ishirini na tisa,
na kikaratasi: Usiwashe blenda akiwa karibu.

Jumamosi ya kwanza aliletwa saa tatu.
Mistari kumi na miwili, myembamba,
shanga nyeupe nchani, hakuna uliopinda.
Nikasema, "Umependeza."
Akaingia ndani, nikamsikia anavuta droo,
akarudi, akaketi sakafuni
katikati ya magoti yangu, kama siku zote,
akanipa chanuo bila kugeuka.

Hapakuwa na cha kusuka.
Akakaza mabega, akangoja.